Chura Aliyekataa Kumbikumbi: Jinsi Homoni za Msongo Zinavyofunga Mdomo na Kuufungua

Mvua za vuli zinapoanza kushika Dar es Salaam, huwa kuna jioni moja au mbili ambapo kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuzizonga taa za barazani. Vyura hawakosi karamu hiyo. Chura wa uani, yule mnene mwenye vinundu mgongoni, hukaa chini ya taa na kumeza kumbikumbi mmoja baada ya mwingine mpaka tumbo linagusa sakafu. Msimu uliopita, nyumbani kwetu Mbezi, mpwa wangu wa miaka tisa alimkamata mmoja akiwa katikati ya mlo, akamtia ndani ya ndoo, akamwagia konzi mbili za kumbikumbi hai. Alitaka kuhesabu atakula wangapi kwa saa moja. Chura hakugusa hata mmoja. Kumbikumbi walimpanda kichwani, wakapita mbele ya mdomo wake, wakadondosha mabawa, naye alikaa kimya huku koo likipwita. Tulipoamka asubuhi alikuwa vilevile.

Mtoto aliniuliza kama chura ameshiba. Jirani yetu, aliyekuwa amekuja kuchota maji, alimjibu kwamba bila shaka ameshiba, kwani msongo wa mawazo hawezi kuwa nao: chura ana mawazo gani? Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu nimelisikia kwa sura nyingi. Siku hizi neno homoni limeingia katika mazungumzo ya daladala, ya saluni na ya makundi ya simu. Mtu akinenepa, ni homoni. Akikonda, ni homoni. Akikosa hamu ya kula, ni msongo. Akila bila kipimo, ni msongo vilevile. Inawezekanaje jambo moja lilete matokeo mawili yanayopingana? Chura anafaa sana kutufundisha hapa, kwa kuwa katika ubongo wake mdogo hatua zenyewe huonekana wazi kuliko kwetu sisi, ambao mlo wetu huingiliwa na saa za kazi, bei za sokoni, mila na watu tunaokaa nao mezani.

Tuanze na neno lenyewe. Msongo hutokana na kusonga, yaani kubana na kukandamiza. Katika matumizi ya kila siku tumeliongezea "wa mawazo", na nyongeza hiyo imetupotosha kidogo, kwani imetufanya tuamini kwamba pasipo mawazo hapana msongo. Katika elimu ya viumbe, msongo ni hali ya mwili ambao mizani yake ya ndani imetishiwa na jambo lolote: joto, ukame, njaa, maradhi, jeraha, msongamano, au mnyama mwingine anayetaka kukula. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, aliandika kwamba panya waliopatwa na madhara ya aina mbalimbali, kama vile baridi kali, majeraha na uchovu wa kupita kiasi, walionyesha mabadiliko ya mwili yanayofanana. Panya wale hawakuhitaji kuwaza lolote. Mawazo ya kodi ya nyumba yanaweza kumletea binadamu msongo, lakini hayo ni mlango mmoja tu kati ya milango mingi ya nyumba hiyo.

Homoni nayo ni ujumbe wa kikemikali unaotengenezwa sehemu moja ya mwili na kufanya kazi sehemu nyingine, mara nyingi ukisafirishwa na damu. Ifananishe na gari la matangazo linalopita mtaani na spika juu yake. Sauti humfikia kila mtu, lakini likitangaza chanjo ya watoto wa chini ya miaka mitano, wanaotoka nje ni wenye watoto wa umri huo. Kadhalika homoni hupita kila mahali, na seli zinazoitikia ni zile zenye vipokezi vyake tu. Jambo hili ni muhimu, kwa sababu homoni ileile inaweza kuamsha kazi fulani katika kiungo kimoja na kuamsha kazi tofauti kabisa katika kiungo kingine, kulingana na nani amesikia tangazo.

Amfibia, yaani kundi la vyura na jamaa zao wanaoishi kati ya maji na nchi kavu, wana mnyororo wa msongo unaofanana sana na wetu. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hatari inapotambuliwa, sehemu hiyo hutoa homoni inayojulikana kwa herufi CRH. Homoni hiyo huifikia tezi ya pituitari iliyo jirani, nayo pituitari humwaga katika damu homoni nyingine iitwayo ACTH, ambayo husafiri mpaka kwenye figo. Kwetu sisi tezi za adrenali zimekaa juu ya figo kama kofia. Chura hana kofia hiyo. Tezi yake ni ukanda uliolala kwenye uso wa figo, na wanafunzi wa baiolojia waliowahi kumpasua chura maabara huenda wanaukumbuka mstari ule wa rangi ya manjano iliyoiva. Ukanda huo ndio unaotoa homoni ya mwisho katika mnyororo, kotikosteroni, ambayo ni ndugu wa karibu wa kotisoli ya binadamu.

Kwa hiyo kuna sauti mbili tunazopaswa kuzitenganisha: CRH, inayotangulia na kutoka kichwani, na kotikosteroni, inayofuata na kutoka ubavuni mwa figo. Mkanganyiko mwingi wa mitaani hutokana na kuzichanganya sauti hizi mbili na kuziita zote "homoni ya stresi".

Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. CRH ndilo la mgambo la mwili. Muundo wake ulitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake katika Taasisi ya Salk, California, kutoka katika bongo za kondoo wengi mno, na ikaonekana kuwa ni mnyororo mfupi wa asidi amino 41. Mwanzoni ilitazamwa kama kiwasha pituitari tu. Baadaye ikabainika kwamba hufanya kazi ndani ya ubongo wenyewe pia, na kwamba mojawapo ya kazi hizo ni kuzuia kula. Mwaka 2004 Erica Crespi na Robert Denver, wakiwa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, pamoja na Hubert Vaudry wa Ufaransa, walichapisha matokeo ya majaribio juu ya vyura wachanga wa jamii ya Xenopus laevis, chura wa majini mwenye makucha anayetokea kusini mwa Afrika. Vyura waliodungwa CRH ya kondoo moja kwa moja ubongoni walipunguza kula. Waliodungwa dawa inayoziba vipokezi vya CRH walikula zaidi kuliko wale ambao hawakudungwa chochote. Matokeo haya ya pili ndiyo yanayonivutia zaidi. Yanaonyesha kwamba breki ya CRH haiwekwi siku ya hatari tu. Hata siku ya kawaida kuna mguu uliogusa breki kidogo, na ukiuondoa, chura hula zaidi.

Msomaji asishangae kwamba homoni ya kondoo inaeleweka na chura. Kati ya miaka ya 1930 na 1960 hospitali za nchi nyingi zilimtumia chura huyohuyo kupima ujauzito: mkojo wa mwanamke ulidungwa chini ya ngozi ya chura jike, na iwapo ulikuwa na homoni ya mimba, chura alitaga mayai katika muda wa saa kadhaa. Viumbe wenye uti wa mgongo wamerithi msamiati mmoja wa kikemikali, ingawa kila jamii ina lafudhi yake.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu namna chura anavyoona chakula ni jambo la kushangaza. Chura wa nchi kavu huwinda kwa macho, na kwake chakula ni kitu kinachotembea; anaweza kuwa na wadudu waliokufa pembeni yake asiwaguse. Mjerumani Jörg-Peter Ewert, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, aliwaonyesha vyura vipande vya karatasi vilivyokuwa vikisogezwa mbele yao. Kipande chembamba kilichosogea kwa urefu wake, kama mnyoo unavyotambaa, kiliwindwa. Kipande kilekile kikisimamishwa wima na kusogezwa vilevile, kilipuuzwa. Kitu kikubwa kilimfanya chura ajikunyate au akimbie. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na hukumu hii ni ile ya juu inayopokea habari kutoka machoni, iitwayo tektamu, ikisaidiwa na sehemu nyingine zilizo mbele yake.

James Carr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walipoichunguza tektamu ya chura wa makucha, walikuta kwamba seli zinazotengeneza CRH zimo humohumo, pamoja na vipokezi vyake. Maana ya jambo hili ni nzito. Tukisikia kwamba msongo "unaondoa hamu ya kula", hufikiria tumbo: tumbo limefunga, njaa imekata. Katika chura inaelekea kwamba habari huanza mapema zaidi, pale jicho linapokutana na ubongo. Mgambo hulia ndani ya chumba kilekile kinachoamua kama umbo linalosogea ni la kufuatwa au la kukimbiwa, na mizani ikaelemea upande wa kukimbia. Chura wa ndoo yetu aliwaona kumbikumbi wale, njaa pia huenda alikuwa nayo. Kilichobadilika ni uzito wa kile alichokiona.

Na kuna hekima ndani yake. Kula kwa chura kuna hatari: lazima ageuke, asogee, afyatue ulimi, kisha ameze, na katika sekunde hizo amejifichua mbele ya kila mwenye kumwinda. Methali inatuambia kwamba kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Upande wa pili wa methali hiyo hatujawahi kuusemea, nao ni kwamba vishindo vya tembo humzuia chura kula, na ndivyo inavyompasa.

Sasa njoo kwenye sauti ya pili. Mfikirie mama lishe wa kando ya barabara ambaye mvua imemkuta ghafla saa saba mchana. Hatua yake ya kwanza ni kusitisha kila kitu: anafunika masufuria, anavuta jiko chini ya turubai, na mteja aliyekuwa akidai sahani ya wali anaambiwa asubiri. Mvua ikikatika, anakuta mkaa umelowa, maharage yameingia maji, na siku bado haijaisha. Hapo ndipo anapomtuma kijana dukani kuongeza mkaa, mchele na mafuta, kwa sababu hasara lazima izibwe. Amri ya kwanza ilikuwa "simamisha". Amri ya pili ni "leta zaidi". Zote mbili zimetokana na mvua moja.

Kotikosteroni ndiyo amri hiyo ya pili. Huanza kupanda katika damu dakika chache baada ya hatari, na athari zake huendelea kwa saa nyingi. Huamuru mwili ufungue ghala lake la nguvu, na wakati huohuo huutayarisha ubongo kulijaza tena. Katika utafiti uleule wa mwaka 2004, vyura waliopewa kotikosteroni kwa muda mfupi walikula zaidi. Walikula zaidi pia walipodungwa nyuropeptidi Y, kemikali ya ubongo inayochochea njaa. Katika wanyama wanyonyeshao inajulikana kwamba homoni za jamii hii huituliza CRH na kuisaidia nyuropeptidi Y, na picha inayopatikana kwa chura inaelekea upande huohuo. Yaani msongo hubeba ndani yake dawa ya kuunyamazisha mgambo wake wenyewe, pamoja na ukumbusho kwamba kuna deni la chakula la kulipwa.

Hivyo anayesema msongo hukata hamu ya kula amesema kweli, na anayesema huongeza hamu hiyo amesema kweli pia. Wametazama saa tofauti za tukio moja.

Mambo huharibika pale hatari isipokwisha. Viluwiluwi wa chura wa jamii ya Rana pipiens wanaofugwa kwa kusongamana hupandisha kotikosteroni, na homoni hiyo ikikaa juu kwa muda mrefu ukuaji wao hupungua. Ghala linafunguliwa kila siku, na kinacholetwa hakitoshi kuziba pengo. Nazungumzia viluwiluwi wa chura, wenye kichwa cha mviringo na mkia; wale wanaojinyonganyonga kwenye mapipa ya maji na baadaye kuwa mbu ni viumbe wengine kabisa, japo Kiswahili kimewapa jina moja.

Viluwiluwi ndio waliowafunza wanasayansi jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwa homoni ya hofu. Kila aliyepita kwenye vichochoro vya mji huu baada ya mvua ameona dimbwi lililojaa viluwiluwi, na siku chache baadaye akaona matope yaliyopasuka mahali palepale. Kwa kiumbe mwenye matamvua asiye na miguu, dimbwi linalokauka ni nyumba inayoungua. Katika maeneo makavu ya California yuko chura aitwaye Spea hammondii, ambaye viluwiluwi wake huharakisha kugeuka vyura maji yanapopungua. Denver na wenzake walionyesha kwamba mwenye kusukuma haraka hiyo ni CRH. Katika viluwiluwi, CRH huiamuru pituitari mambo mawili kwa pamoja: iamshe tezi ya figo itoe kotikosteroni, na iamshe tezi ya thairoidi itoe homoni zinazogeuza mwili. Kotikosteroni nayo huzipa nguvu zaidi homoni za thairoidi. Kiluwiluwi anayekimbizwa na ukame hivyo hutoka majini akiwa mdogo kuliko yule aliyepata maji ya kutosha, lakini hutoka akiwa hai.

Katika kilele cha mageuzi hayo kiluwiluwi huacha kula kabisa, hata kama maji yamejaa chakula. Si kwa uchaguzi. Mdomo wa kukwangua mwani unabomolewa ili ujengwe mdomo mpana wa kukamata wadudu, na utumbo mrefu wa mla majani unafupishwa kuwa utumbo wa mla nyama. Katika siku hizo kotikosteroni na homoni za thairoidi huwa juu kabisa, na mwili hujilisha kutoka ndani, mkia ukiyeyushwa taratibu na viambata vyake kutumika upya. Kila ninapowaona viluwiluwi wenye miguu minne na kipande cha mkia, wametulia pembeni ya dimbwi wasile, huwaza kwamba hakuna mfungo mgumu kuliko huo.

Kutokana na hayo, ningeomba tuache tabia ya kuizungumzia kotisoli kama sumu ya kutolewa mwilini. Mitandaoni kuna vinywaji na unga unaonadiwa kwa ahadi hiyo, na watu hununua. Mwili usiotengeneza kotisoli ya kutosha ni mwili mgonjwa: katika ugonjwa wa Addison, ambapo tezi za adrenali zimeshindwa kazi yake, mgonjwa hukosa hamu ya kula, hukonda, hudhoofika, na asipotibiwa anaweza kufa. Upande wa pili, wengi wetu tuna ndugu aliyewahi kuandikiwa prednisoloni kwa ajili ya pumu au maumivu ya viungo, akashangaa kwamba njaa haimwishi na uso unamvimba. Prednisoloni ni dawa inayoiga kotisoli. Njaa ile ni sauti ya pili ya msongo, imewashwa kwa kidonge bila kuwapo hatari yoyote. Mgonjwa wa aina hiyo asiikatishe dawa ghafla kwa hofu ya kunenepa, kwa sababu tezi zake huenda zimelala na huhitaji muda wa kuamka; azungumze na daktari wake.

Hata hivyo chura si binadamu mdogo. Sisi hula kwa huzuni, kwa furaha na kwa heshima ya mwenyeji, mambo ambayo hayamhusu chura. Kinachohamishika kutoka kwake kuja kwetu ni mfuatano wa amri zile mbili na kemikali zinazozibeba.

Kwa Tanzania elimu hii ina mahali pake pa kutumika. Chura wa Kihansi, ambaye mwili wake haufiki sentimita 3 na ambaye huzaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 katika bonde la maporomoko ya Kihansi huko Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, ukungu aliouzoea ulipungua, na vyura 499 walipelekwa Marekani ili kizazi kisipotee. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya uzao wake walirudishwa na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha bondeni ikaanza. Kumlisha kiumbe kama huyu hakuishii kwenye kumpa wadudu wadogo wa kutosha. Lazima joto, unyevu, mwanga na utulivu viwe vile ambavyo mwili wake unavihesabu kuwa ni salama, kwa sababu chakula kilichowekwa mbele ya chura ambaye mgambo wake unalia ni sawa na kumbikumbi wa ndoo yetu.

Yule wa kwetu tulimtoa asubuhi ileile. Nilimwambia mpwa wangu aiinamishe ndoo polepole nyuma ya tangi la maji, penye kivuli na udongo mbichi, kisha tuondoke. Siku mbili baadaye mvua ilinyesha tena na kumbikumbi wakatoka. Tulikaa sebuleni, taa ya ndani imezimwa, tukichungulia kupitia wavu wa dirisha. Alikuja chura mwenye baka jeupe juu ya jicho la kushoto, na mtoto akanishika mkono kwa nguvu, maana alilikumbuka baka lile. Chura alisimama ukingoni mwa mwanga. Kumbikumbi aliyekatika mabawa akapita akitambaa. Chura akageuza kichwa, akasogea hatua mbili, akainama, na ulimi ukatoka na kurudi kabla hatujauona vizuri. Kisha macho yake yakazama ndani ya kichwa, kwani macho ya chura husaidia kusukuma tonge kooni, akapangusa mdomo kwa mkono wa mbele, akageukia mwingine. Mpwa wangu alihesabu kwa kunong'ona hadi kumi na saba.